Mbao za Kazi Maalumu

Nianze kwa kusema kwamba nina hasira, ili asije mtu kuniambia katikati ya habari kwamba nimepandisha sauti. Mimi ni Faidha, Mama Swalehe, nakaanga maandazi hapa Newala, na ukuta wa ua wangu ndio mpaka wangu na Mama Oliva. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka ishirini na sita. Nikieleza habari zake, sielezi za kusimuliwa.

Jina lake ni Josephina, lakini hapa mtaani ukimuulizia Josephina watu watakutazama tu. Uliza Mama Oliva, au mke wa fundi Anselmo, utaletwa mpaka mlangoni. Na huo mlango ndio pa kuanzia, maana ulikuwa aibu. Mlango wa mbele wa seremala tuliyemtegemea mtaa mzima ulikuwa kipande cha bati kilichopigiliwa kwenye miti, na upepo wa huku juu ukipanda kutoka bonde la Ruvuma, bati linapiga kelele mpaka unasahau ulichokuwa unasema. Hatua kumi nyuma ya nyumba hiyo hiyo kulikuwa na banda lililojaa mninga.

Si mninga peke yake. Kulikuwa na mkongo, na mvule, na nguzo fupi fupi za miti ambayo siku hizi huioni tena sokoni, zote zimepangwa vizuri na fito katikati ili hewa ipite. Marehemu Anselmo alijifunza kazi Lukuledi, akaja kuoa huku juu, akajenga kwenye kiwanja cha ukoo wa mkewe kama wanavyofanya wengi. Kila kazi aliyopewa, ubao ulio bora aliutenga. Ukimuuliza wa nini, anajibu, "Huu ni wa kazi maalumu." Miaka ikaenda. Mlango ukabaki bati, meza ikabaki na mguu wa tofali, na kazi maalumu haikuja. Mganga hajigangi, sawa, lakini mganga naye ana mke.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wa Anselmo hawakulijua, au walilijua wakaona si kitu. Umeme ulikuwa haujafika mtaani kwetu wakati ule, na kazi ya kukereza ilifanywa kwa kamba. Miti miwili imesimamishwa, kila mmoja una msumari mnene, kipande cha mbao kinashikwa katikati ya ile misumari. Ukanda wa ngozi ya ng'ombe unazungushwa kwenye ile mbao, na mtu anauvuta huku na huku, huku na huku, mbao inazunguka, na fundi anaegemeza patasi. Fundi alikuwa Anselmo. Aliyekuwa akivuta ni mkewe. Alivuta akiwa na mimba ya Oliva, akavuta na Oliva akiwa mgongoni. Miguu ya vitanda vya nusu ya Newala imezungushwa na mikono ya mama yule. Kazi ikiisha, Anselmo anatia msumari motoni, anaugeuza mguu wa kitanda, anachoma herufi moja chini yake: A.

Umeme ulipokuja, Anselmo alipata mota ya mashine ya kusaga iliyokufa, akaifufua, akajiundia mashine ya kukereza. Siku hiyo hiyo Mama Oliva akaambiwa arudi jikoni, kamba haina kazi tena. Alirudi. Ila mchana mzee akilala, alikuwa anaingia bandani, anaokota vipande vilivyotupwa, anakereza vijimambo vyake: pia za watoto za kuzungusha, vikombe vya mayai, kibakuli cha chumvi. Hakuuza hata kimoja. Anselmo alijua, akawa anacheka mbele za watu, "Huo ni mchezo wa Mama Oliva." Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Kisha mzee akapigwa na kiharusi. Alilala miezi minane. Sijui kama mtu wa mahali penye mto anaweza kuelewa maana ya kuuguza mtu wa kiharusi Newala, mahali ambapo bomba likitoa maji mara moja kwa wiki tunapongezana. Shuka zinafuliwa asubuhi, zinafuliwa jioni. Tangi lao la maji ya mvua lilikauka kabla ya Agosti. Tukaanza kupeleka ndoo. Huyu ndoo, yule nusu dumu, mwingine anapitisha baiskeli ya muuza maji na kusema peleka pale kwa mgonjwa, nitamalizana nawe. Nilipeleka na mimi. Shemeji yake, Mzee Ambrosi, kaka mkubwa wa Anselmo, alipanda basi kutoka Tandahimba na madumu mawili ya maji miguuni, mzee wa miaka sabini na kitu. Nilimwona anashuka nayo. Siku ile nilimheshimu.

Dastani hakuleta maji. Huyu ni mtoto wa dada yao, mpwa wa marehemu, ana pikapu yake pale Tandahimba na anafika Newala kila msimu wa korosho. Hakuleta hata kopo. Alikuja siku ya kuzika, amevaa miwani.

Huku kwetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba. Sibishi, ndivyo tulivyokuta. Nyumba ilikuwa kwenye kiwanja cha ukoo wa Mama Oliva, kwa hiyo hawakuweza kuigusa. Lakini siku arobaini zilipotimia, ukoo wa mume ukakaa barazani, na Dastani akasimama akasema mbao zile ni jasho la mjomba wake, na zana zote vilevile, naye yuko tayari kuzibeba. Jasho la mjomba! Nilikuwa nagawa chai, nikalazimika kuweka birika chini.

Mzee Ambrosi akasema haraka ya nini. Mwaka wa msiba uishe kwanza, misa isomwe, watu wale, ndipo mali itoke. Mpaka siku hiyo mjane ndiye mlinzi, kama desturi ilivyo. Dastani akakubali kwa masharti. Akamgeukia Mama Oliva mbele ya watu, akamnyooshea kidole mama aliyemlisha uji alipokuwa mdogo.

"Mama, zisiuzwe. Zisikopeshwe. Asipewe mtu hata fito, na kisitoke kitu humu uani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu," akasema Mama Oliva.

Wakampa ufunguo. Hapo ndipo walipokosea, na lilikuwa kosa ambalo wao tu wangeweza kulifanya. Walikuwa wanampa mkerezaji ufunguo wa banda lenye mbao na mashine ndani, na hakuna hata mmoja aliyemwona mkerezaji pale. Walimwona mjane.

Oliva, ambaye ni mwalimu Masasi, alipiga simu akalia. Akasema, mama, sheria ipo, nenda mahakamani, ile ni mali yako. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikaunga mkono kwa sauti. Mama Oliva akajibu kwamba hatasimama mbele ya hakimu kugombania mbao na mtu ambaye nepi zake alizifua. Simu ikakatwa. Nilimwambia yeye ni mjinga. Nilimwambia hivyo hivyo, sikupamba.

Haikupita wiki mbili mashine ikaanza kunguruma kila alasiri, akitoka shamba. Nilidhani anajiliwaza. Kisha siku moja nikaona vumbi la mbao limetanda kwenye mabati yangu, limeingia kwenye mfereji unaopeleka maji ya mvua tangini. Wingu lilikuwa limeshafunga. Watu wa Newala wananielewa: mchezee mtu mume wake, usimchezee tangi lake. Nilikwenda kugomba, na niligomba tangu getini.

"Mama Oliva! Unataka ninywe unga wa mninga?"

Nilimkuta ameinama kwenye mashine, kichwa amefunga kanga, pua na mdomo kitambaa. Patasi ilikuwa imetulia mkononi mwake, na maranda yanatoka marefu, mekundu, yanamwangukia miguuni. Nyuma yake rundo la mbao lilikuwa limepungua. Kando kulikuwa na magunia ya korosho yaliyojaa kitu. Nikafungua moja. Mabakuli. Mazito, laini, yamepakwa mafuta ya ufuta, na chini ya kila moja jina limechomwa kwa msumari. Nilitoa la kwanza, limeandikwa jina la muuza maji mmoja. La pili la mama wa nyumba ya tatu. La tatu lilikuwa langu: Faidha. Miaka mingapi sijaitwa jina hilo.

Akazima mashine. "Kila aliyeleta maji," akasema. "Nawakumbuka wote."

"Na Dastani?"

"Dastani alisema zisiuzwe. Siuzi. Alisema kisitoke kitu uani. Hakijatoka."

Nikakaa juu ya gunia. Nikamuuliza kwa nini basi asitengeneze mlango, wa mninga, mzito, alale kama watu. Akanitazama kama mtu anayefundisha mtoto.

"Mlango wataung'oa, Mama Swalehe. Meza wataibeba. Bakuli likishakuwa mkononi mwa mtu, lina jina lake, na ndani mna wali, nani atamnyang'anya?"

Wapo watakaosema hiyo ni hila. Oliva mwenyewe alisema hivyo aliposikia, kwa sauti ya kanisani kabisa. Nikamuuliza, mwanangu, miaka aliyovuta ile kamba, hila ilikuwa ya nani? Mimi nilifunika mfereji wangu kwa nailoni, nikawa nachukua maranda kuwashia moto wa maandazi, na sikusema neno kwa mtu, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Mwaka mzima alikereza. Msimu wa korosho alikuwa anarudi shamba vidole vimebabuka kwa utomvu, anapaka mafuta, anaingia bandani. Kiganja chake kilipasuka, akakifunga kitambaa. Vilivyobaki pembeni, ambavyo havikutosha bakuli, alipikia maharage, na nilipoona mninga unapikiwa maharage roho iliniuma, kisha ikaacha kuniuma. Rundo likashuka mpaka fito za chini zikaonekana.

Likabaki gogo la mpingo. Hilo Anselmo alilitunza kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Alilipaka rangi ncha zote mbili lisipasuke, akalilaza kwenye kona juu ya matofali, miaka ishirini. Mwaka ule Oliva alipokosa ada ya chuo akakaa nyumbani, alikuja mchonga vinyago kutoka Mtwara akalitaka gogo lile, na Anselmo akakataa. Ni la kazi maalumu. Oliva alikaa nyumbani mwaka mzima, gogo likakaa kwenye kona yake. Na hilo ndilo Dastani alilokuwa analitaka kuliko yote. Tulisikia ameshamwahidi mtu.

Wiki moja kabla ya misa tulilikata, mimi nimeshika upande mmoja wa msumeno, yeye upande wa pili. Mpingo haukatiki, unakukata wewe. Tulipumzika mara nne. Mwisho likaachia, vipande viwili vikaanguka kila kimoja upande wake, na ndani ya gogo kulikuwa na tundu. Tundu jeusi, linapita moyoni mwa mti mwanzo hadi mwisho, na nyufa zimetoka humo zikaenda kila upande. Chini ya ile rangi aliyoipaka kwa uangalifu hapakuwa na kitu cha kutunzwa.

Mama Oliva hakulia alipozika. Hapo alilia. Alilia kwa hasira, anapiga lile gogo kwa kiganja chenye kitambaa.

"Ishirini! Miaka ishirini, Anselmo! Mtoto akakaa nyumbani! Ungelikata tu, baba, ungelikata tu uone!"

Sikumnyamazisha. Kwa nini nimnyamazishe? Mtu akifa tunaambiwa tumseme vizuri, na wewe uliyebaki unameza mpaka unaugua tumbo. Alipomaliza, akajifuta, akachukua vipande vidogo vilivyokuwa vizima kati ya ufa na ufa, akavikereza. Havikutosha kitu ila pia za watoto.

Siku ya misa ikafika. Tulipika tangu alfajiri, wali na ng'ombe, na mimi sina lawama juu ya mwenzangu kuwa Mkristo, sufuria kubwa zilikuwa zangu. Dastani alikuja na pikapu, nyuma imesafishwa, na kamba za kufungia mzigo. Hata kanisani hakuingia, alikaa garini anazungumza na simu. Watu walipokwisha kukaa chini uani, Mama Oliva akafungua banda, akaniita, tukatoa magunia. Akaanza kugawa mwenyewe. Kila mtu alipewa bakuli lake, na tukapita tukipakua. Uani kukawa na sauti za watu wanageuza mabakuli, wanasoma, wanaonyeshana. Muuza maji yule aliweka la kwake mapajani, wali ukapoa hajaugusa.

Dastani alipewa sahani ya plastiki. Mimi ndiye niliyempa, na nilichagua iliyopasuka ukingo.

Akala. Tena alikula akamaliza, akaomba nyama ya kuongeza. Ndipo akanawa, akaenda bandani na kamba zake. Akatoka mbio.

"Mbao ziko wapi?" Akamtafuta Mama Oliva kwa macho. "Mama! Mbao za mjomba ziko wapi?"

Mama Oliva alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Hakusimama. "Hazikuuzwa," akasema. "Hazikukopeshwa. Hazijatoka uani. Wewe mwenyewe umekaa nazo tangu saa sita."

Dastani akazungusha macho. Nilimwona anapoelewa, bakuli baada ya bakuli. Akauliza mpingo uko wapi, na sauti yake ilikuwa imepungua. Mama Oliva akaonyesha kwa kidevu pale barazani, kwenye sakafu ya saruji, ambapo watoto walikuwa wanazungusha pia nyeusi wanabishana ya nani itadumu.

Hapo akatukana. Akamwita mwizi. Akamgeukia Mzee Ambrosi. "Mjomba, unaona? Unaona alichotufanyia? Jasho la mjomba, kagawia watu baki!"

Mzee Ambrosi alikuwa na bakuli lake mkononi, la mvule, kubwa kuliko mengine. Alimalizia wali uliobaki taratibu, akaligeuza, akalisoma jina lake, akapitisha dole gumba juu ya herufi. Akauliza, "Shemeji, haya majina ni ya kina nani?"

"Waliomletea ndugu yako maji, shemeji."

Mzee akaliweka bakuli magotini. Kisha akamwuliza Dastani swali moja tu: "La kwako limeandikwaje?"

Dastani akatazama sahani yake ya plastiki kule chini. Nami, ningesimulia kwamba habari imeishia hapo, ningeonekana hodari wa kusimulia. Wanawake walikuwa wameshaanza vigelegele. Lakini wazee ni wazee. Mzee Ambrosi alikohoa, akasema mbao zimeshaliwa, hakuna wa kuzitapika, na asisikie tena neno mwizi. Ila zana ni zana. Mila ni mila. Mashine ya mjomba ni ya mpwa.

Na wakaibeba. Mbele ya macho yetu, vijana wa ukoo wakafungua nati, wakaitoa mota, wakachukua patasi za chuma na misumeno, wakapakia kwenye pikapu iliyoletwa kubebea mbao. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Mama Oliva akanishika mkono, akasema, "Mwache, Mama Swalehe, mwache." Yule yule mzee aliyebeba madumu! Aliondoka na bakuli lake kwapani, akaaga vizuri, na mimi shikamoo yake ya kwaheri sikumpa. Mpaka leo sijui nimpende au nimchukie, na hilo nalo linanikera.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa naepua maandazi, nikasikia hodi. Mama Oliva amesimama na ukanda wa ngozi mkononi, mweusi, unang'aa kwa mafuta ya viganja. Ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango wa banda miaka yote hiyo. Dastani aliuona, akadhani ni kamba ya mbuzi.

"Na patasi?" nikamuuliza.

"Ninayo ile ya zamani. Nilikuwa nachimbulia muhogo."

"Mbao je?"

"Si ulikata mkorosho wako uliokufa?"

Basi, sasa mimi ndiye ninayevuta. Alasiri maandazi yakiisha, naketi kwenye kigoda, navuta huku na huku, huku na huku, na mabega yananiuma mahali ambapo sikujua pana nyama. Siku ya kwanza nilivuta kwa hasira mpaka akapiga kelele kwamba nitamvunjia patasi. Mkorosho si mninga, ni mti mwepesi na una vinundu, lakini bakuli likatoka. Dogo, limepinda kidogo upande mmoja.

Akaweka msumari kwenye jiko langu la mkaa. Nikamwuliza, hili ni la nani, maana walioleta maji wamekwisha. Msumari ulipoiva akaligeuza bakuli, akachoma polepole, moshi unapanda: Josephina. Nikakumbuka kwamba katika mabakuli yote yale ya mwaka mzima, hilo jina halikuwamo. Kisha, kabla msumari haujapoa, akachoma jingine chini yake: Faidha.

Akanipa nilishike. Na badala ya kushukuru, hasira zikanipanda upya. Kwa sababu niliona inavyochukua muda mfupi. Majina mawili, msumari mmoja, haujapoa bado. Na marehemu Anselmo, aliyechoma A peke yake miaka yote ile, alikuwa na sanduku zima la misumari.